Kijana wa miaka 16 anaanza kuendesha Houston, Texas: bima ipi, gari lipi?

mama_neema
Hamjambo wapendwa. Kijana wetu ametimiza 16, na leseni yake ya mwanafunzi imeshafikisha miezi sita, kwa hiyo mwezi ujao anachukua ile ya muda. Nyumbani kuna magari mawili: RAV4 ya 2022 ambayo bado tunalipia mkopo, na Corolla ya 2010 iliyokwisha lipiwa. Wakala anasema tukimwongeza kijana, bima itakaribia mara mbili ya tunayolipa sasa. Kila mtu ana ushauri wake: mmoja anasema nisimtaje kabisa, mwingine tumwandikie Corolla kwa jina lake akate bima yake, wa tatu anasema bima ndogo inatosha. Naomba wanaojua wanipe hesabu.

Mzee_Kobe
Mama Neema, huo ushauri wa kwanza ndio wa hatari zaidi. Fomu ya bima inauliza watu wote wa nyumbani waliofikia umri wa kuendesha. Leseni ikishatoka, kampuni inaweza kumwona kwenye kumbukumbu inazonunua, ikamwingiza yenyewe na kudai malipo ya nyuma, au ikakataa kuendelea nanyi muda ukiisha. Akigonga kabla hawajamwona, mtabishana juu ya dai lenyewe, na hapo mwenye gari lililogongwa anasubiri hela yake.

Njia halali ya kutomlipia ni moja: kumtoa kwa maandishi. Texas inaruhusu, fomu inajulikana kama 515A. Ukishaisaini, siku akishika usukani hata kwenda dukani tu, bima hailipi kitu, wala kwa mliyemgonga. Fomu hiyo ni ya mtu asiyegusa gari kabisa. Kijana anayejua funguo zinapotundikwa hafai kuandikwa humo.

Gari kwa jina lake nako hakusaidii. Chini ya miaka 18 mkataba wake hauna nguvu kamili, kampuni nyingi zitataka mzazi asaini hata hivyo. Juu ya hapo anapigiwa bei peke yake, dereva mpya asiye na historia, na ninyi mnapoteza punguzo la magari mengi. Bei kubwa ina sababu: kwa kila maili, madereva wa miaka 16 hadi 19 wanahusika katika ajali za vifo karibu mara tatu ya wale wa 20 na kuendelea. Mwacheni kwenye bima yenu.

kaka_wa_DFW
Naongezea kwenye viwango, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua.

Bima ndogo ya Texas inaandikwa 30/60/25. Maana yake: dola 30,000 kwa kila mtu aliyeumia, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali mliyoharibu. Sasa angalia barabara za Houston. Pikapu mpya nyingi zinazidi dola 50,000. Kijana akiibamiza moja ikafutwa, yaani ikaharibika isifae kutengenezwa, 25,000 inaisha na linalobaki mwenye gari, au kampuni yake ya bima, anawadai ninyi. Mtu mmoja akilazwa hospitali, 30,000 haifiki mbali. Ombeni bei ya 100/300/100 mwone tofauti. Kiasi cha ulinzi kinapanda zaidi ya mara tatu, lakini ada haipandi kwa uwiano huo, kwa sababu ajali nyingi ni ndogo. Dola zikibana, punguzeni kwingine, hapa msiguse.

Kuna vitu viwili ambavyo kwa sheria ya Texas vinaingia wenyewe msipovikataa kwa maandishi. PIP, kuanzia dola 2,500 kwa mtu, inalipa matibabu yenu na sehemu ya mshahara uliopotea bila kujali nani mkosaji. UM/UIM inalipa mkigongwa na asiye na bima au mwenye bima isiyotosha. Kwa uharibifu wa gari mnabeba dola 250 za kwanza. Wakala anayetaka bei yake ionekane nzuri huchomeka karatasi za kukataa katikati ya zile za kusaini. Someni kila mnaposaini.

RAV4 haina mjadala, mwenye mkopo anadai bima kubwa, inayolipia na gari lenyewe. Corolla ndiyo ya kupigia hesabu. Tuseme sokoni ni dola 6,000 na dedaktibo, kiasi mnachobeba wenyewe kwanza, ni 1,000. Ikifutwa kabisa mnapata 5,000 tu. Kama kolishoni peke yake (inayolipia gari lenu likigonga), kijana akiwa ndani, inawagharimu 900 kwa mwaka, iondoeni. Lakini KOMPRIENSIVU IBAKIZENI. Ndiyo inayolipa mafuriko, wizi na mvua ya mawe, haihitaji kolishoni, na ni rahisi kwa kuwa umri wa dereva hauigusi sana. Kimbunga Harvey cha 2017 kilizamisha magari mengi hapo kwenu. Msingoje kimbunga kionekane Ghuba ya Meksiko ndipo mpige simu, kampuni hufunga kuongeza ulinzi mpaka kipite.

binti_Zena
Mama Neema, muulize wakala swali moja: "Kijana mmemweka dereva mkuu wa gari lipi?" Baadhi ya kampuni humpachika dereva ghali kwenye gari ghali. Mkiwa magari mawili na madereva watatu, ombeni awe wa Corolla kama kweli ndiyo atakayoendesha. Kisha ombeni bei zote mbili kwa maandishi.

Punguzo la mwanafunzi bora linataka wastani wa B, yaani 3.0. Cheti cha matokeo hupelekwa upya kila baada ya muda, na usipopeleka punguzo linaondoka kimyakimya. Cheti cha mafunzo ya udereva nacho kipelekeni, hata kama mzazi ndiye aliyefundisha kwa mpango wa Texas.

Programu ya simu inayopima uendeshaji iwe jambo la kufikiria mara mbili. Inahesabu breki za ghafla, kushika simu na safari za usiku wa manane. Ulizeni kabla: alama mbaya zinaweza kupandisha bei, au zinanyima punguzo tu? Kampuni hazifanani.

Mkija kununua gari jingine, Kia na Hyundai nyingi za 2011 hadi 2021 zinazowashwa kwa ufunguo wa kuchomeka ziliibwa sana kwa kukosa kizuia-wizi, na baadhi ya kampuni zilikataa kuzikatia bima. Pigeni bei ya bima kwanza, gari baadaye.

mama_neema
Asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho. Akienda chuo Lubbock bila gari, nimtoe? Na anataka kupeleka vyakula kwa programu akifikisha umri.

Mzee_Kobe
Usimtoe. Akiwa zaidi ya maili 100 kutoka nyumbani na gari limebaki, omba punguzo la mwanafunzi aliye mbali. Jina linabaki, kwa hiyo akija likizo anaendesha akiwa na bima.

Kupeleka vyakula ni biashara, na bima ya gari binafsi kwa kawaida haigusi ajali ya kazi hiyo. Ombeni nyongeza ya usafirishaji kabla ya oda ya kwanza.

Hapo katikati, leseni ya muda inakataza kuendesha kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri bila sababu ya lazima, na kubeba zaidi ya abiria mmoja wa chini ya miaka 21 asiye wa familia. Tiketi ya hapo itaonekana kwenye bei ya miezi sita inayofuata.