"We bonyeza tu": yule mama wa dagaa wa paketi leo kanidhalilisha mbele ya wateja

Fremu Namba Tatu (mleta mada)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka na mashine haijapoa.

Mnamjua. Wa Mwanga hapa Kigoma mnamjua, wa Ujiji mnamjua, hata nyie mliohamia Dar mnamjua, maana dagaa wake ndio mnaotumiwa na mashangazi zenu kwenye basi. Simtaji. Akiongea pale sokoni, ng'ambo Kongo watu wanafunga madirisha.

Leo saa nne asubuhi fremu yangu ya kudizaini na kuprinti imejaa. Kuna mwalimu anasubiri mitihani yake itoke. Kuna bwana harusi anahakiki kadi za michango. Kuna mtoto wa darasa la nne kaja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Mama kaingia, salamu hakuna, kalaza simu kaunta kama mtu anayetupa karata ya ushindi, akasema kwa sauti ile ile: "Mwanangu, bango langu hili hapa, nimelichora mwenyewe usiku nikiwa kitandani. Usinitajie hela ya dizaini. Kazi yenu siku hizi imekwisha. We bonyeza tu."

We bonyeza tu.

Mtoto wa darasa la nne akacheka mpaka akaangusha cheti.

Wakuu, mwaka 2019 huyu mama alikuwa anapima dagaa kwa sado pale Kibirizi, karai moja na mwavuli uliochanika. Lebo yake ya kwanza alichora nani? Mimi. Nilikaa na dagaa mbichi mezani siku nzima ili nimpate sawasawa, mgongo wake, ule mng'ao wa fedha ubavuni. Fremu inanuka, paka wa Kigoma nzima wamehamia mlangoni kwangu, mimi nimeinama na penseli. Hela yangu alilipa kwa awamu nne, na awamu ya nne ilikuwa dagaa. Sikusema neno.

Leo huyo huyo ananiambia nibonyeze.

Na hiyo picha sasa! Ile programu ya akili mnemba imemchorea samaki mwenye meno. Dagaa ana meno kama mbwa wa getini. Nyuma ya ziwa kuna mlima wenye theluji. Ziwa Tanganyika, theluji! Mvuvi ana vidole saba mkono mmoja. Juu kabisa, kwa herufi za dhahabu, imeandikwa DAGAA BORA WA KIGMOA. Nikamwambia, mama, hapa pamekosewa. Akajibu, "Si urekebishe, kwani kuhamisha herufi nako kunalipiwa?"

Anataka bango la mita 3 kwa 1. Picha yenyewe ni ya mraba, pikseli 1024 kwa 1024, halafu imezunguka WhatsApp kupitia kwa mpwa wake. Ukiitandaza mita 3, kila kitone kinakaribia milimita 3, punje ya mtama kabisa, na dagaa anavutika anakuwa nyoka. Nikamweleza taratibu. Nikamweleza na rangi pia, kwamba ile bluu ya kwenye simu ni mwanga unaowaka, mashine yangu inachanganya wino wa rangi nne, haiwezi kuwaka vile. Nimemaliza kueleza, bwana harusi ananitazama, mwalimu ananitazama, mama kajibu nini? Mnajua alichojibu. "We bonyeza tu."

Kinachoniuma zaidi, si yeye peke yake. Zamani mteja alikuja na maneno. "Nataka ziwa, nataka jua linazama, nataka jina la marehemu mama yangu lionekane." Tunachora kwenye karatasi, tunabishana, anarudi kesho, tunafuta. Tangu ile ChatGPT ilipoanza mwaka 2025 kuchora picha zenye maandishi yanayosomeka, watu hawaji tena na maneno, wanakuja na picha imeshaiva. Wiki mbili zilizopita mfanyabiashara mwingine kaniletea samaki yule yule mwenye meno, pacha wake kabisa. Muuza mawese, mwenye saluni, kwaya, kinyozi, wote mabango yao yana jua lile lile la chungwa na watu wanaong'aa kama wamepakwa mafuta ya kukaangia. Mji mzima umevishwa sare.

Miaka kumi na moja nimeshika penseli. Halafu we bonyeza tu. Mbele ya mtoto wa darasa la nne!

---

Mwisho wa Reli

Pole sana mkuu. Swali moja tu. Ulibonyeza au hukubonyeza?

---

Fremu Namba Tatu

Nilibonyeza. Kodi ya fremu ni tarehe 5. Na ile KIGMOA niliirekebisha bure, maana siwezi kuacha jina la mji wangu lining'inie vile barabarani.

---

Mwisho wa Reli

😂😂😂 Povu lote hili kumbe umebonyeza na chenji umerudisha.

---

Kijana wa Katonga

Mtoa mada acha kulialia. Hata wewe kadi zako za michango unapakua. Kadi ya kaka yangu uliyotengeneza 2022 ilikuwa na maua yale yale ya kadi ya binamu yetu wa Kasulu. Tulifikiri wanaoana wao kwa wao.

---

Fremu Namba Tatu

Maua nilipakua, sikatai. Majina, mpangilio, ile ramani ya kwenda ukumbini, nilikaa nayo mpaka saa saba usiku kwa sababu kaka yako alibadilisha ukumbi mara tatu. Na sikumwambia "we oa tu".

---

Cherehani ya Ujiji

Mkuu wewe shukuru bango halivaliwi. Njoo ukae kwangu siku moja. Dada analeta picha ya gauni la kitenge, mkia unaburuza mita mbili, bega moja limesimama kama bawa la bata, zipu haipo mbele, haipo nyuma, haipo popote. Namuuliza huyu kwenye picha aliingiaje humu ndani? Anasema fundi ni wewe. Ukiangalia vizuri maua ya kitenge yanabadilika njiani, kiunoni ni tausi, magotini ni taa za kandili. Hicho kitambaa hakijawahi kufumwa duniani! Halafu anatoa yadi nne. YADI NNE. Na sendoff ni Jumamosi.

Nikimaliza anaweka simu yake pembeni ya gauni langu, analinganisha, anasema "hujaipatia".

Hiyo ya kubonyeza mimi ningecheka nikalala.

---

Pasipoti Dakika Tano

Nyie wote kaeni chini. Studio yangu ina suti nyeusi niliyonunua mwaka 2014. Imepiga picha walimu, madiwani, mabaharia, watu waliokuwa wanaomba kazi bandarini, wakimbizi waliorudi kwao. Nusu ya watu wazima wa mji huu wana picha ndani ya suti ile. Sasa mtu anajipiga mwenyewe chumbani na singlendi, simu inamvisha suti, inamnyoa ndevu, inamwekea bluu nyuma. Anakuja kwangu kuprinti nne kwa elfu mbili.

Suti imening'inia hapo ukutani. Nikiingia asubuhi najikuta naisalimia.

---

Cherehani ya Ujiji

@Pasipoti Dakika Tano ile suti ilikuwa inanuka jasho la watu wa miaka kumi, tuwe wakweli. Mimi mwenyewe nilipunguza mikono yake.

---

Pasipoti Dakika Tano

Ulipunguza ukaharibu, mkono wa kushoto ukawa mfupi. Ndiyo maana nilikuwa nakata picha kifuani.

---

Hoja ya Sheria

Wadau, tusipoteze muda. Huyo mama hajui alichojifanyia. Picha iliyotengenezwa na mashine peke yake ni shida kuimiliki. Marekani, Machi 2025, mahakama ya rufaa ya Washington ilikubaliana na ofisi yao ya hakimiliki kwamba kazi isiyo na mkono wa binadamu haipewi hakimiliki. Maana yake jirani akichukua samaki yule yule, utamshitaki kwa lipi? Lebo aliyochora mleta mada kwa penseli, hiyo ina mwenyewe, na mama angeweza kwenda nayo BRELA, wale wasajili wa biashara, kuisajili kama alama ya biashara. Katupa mali akaokota kivuli.

---

Kijana wa Katonga

Washington na Kibirizi wapi na wapi kiongozi.

---

Hoja ya Sheria

Hiyo programu aliyochorea picha ni ya wapi? Ya Katonga?

---

Karai la Bluu

Mimi nauza dagaa na simtetei mtu, ila naona mnamsema mama wa watu kama ameua. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 samaki wazaliane. Miezi mitatu hakuna mtumbwi. Sikatai, samaki wanahitaji kupumzika. Lakini kuna mwenye steshenari hata mmoja aliyetupunguzia bei ya lebo? Ada za shule zilingoja? Na ukitaka dagaa waingie supamaketi wanataka bakodi, wanataka tarehe ya kwisha muda, wanataka nembo ya ubora ya TBS, wanataka paketi ya kusimama yenye zipu. Zamani tulifunga kwenye mfuko na uzi. Kila mtu anamkamua muuza dagaa, na dagaa mwenyewe ni mdogo hivi. Akipata kitu cha bure usiku kitandani, akitumie.

Kusema "we bonyeza tu", sawa, alikosea. Angesema "mwanangu nisaidie".

---

Mzinga wa Sikonge

Mwangaluka wakuu, nawasalimu kutoka Tabora. Huyo anayelia na TBS aende SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, apate barua ya utambulisho, mjasiriamali mdogo miaka mitatu ya mwanzo halipii ile alama. Mimi ndivyo nilivyofanya kwa asali.

Shida yangu mimi ni nyingine. Sasa hivi mtu yeyote mwenye simu anatengeneza chupa nzuri kwenye picha, lebo ya nyuki, msitu wa miombo, "Asali Halisi ya Tabora". Ndani ni sukari iliyochemshwa. Sisi tunaokaa porini tunaumwa na nyuki mpaka jicho linafunga, tuna lebo za kawaida, tunaonekana ndio feki. Mteja wa Dar anaangalia picha, haonji.

---

Karai la Bluu

HAPO SASA. Na kwetu ni hivyo hivyo. Paketi imeandikwa Dagaa wa Kigoma, fungua uone, ni wa Mwanza!

---

Mwana wa Kirumba

Dagaa wa Mwanza wamewakosea nini? Dagaa ni dagaa. Nyie wa Kigoma mnauza jina tu.

---

Fremu Namba Tatu

Dagaa ni dagaa?! Mkuu mimi nimemchora, namjua mfupa kwa mfupa. Wa Ziwa Tanganyika yuko ukoo wa sadini, wa Ziwa Victoria yuko ukoo wa karpu, hata ndugu si ndugu. Wa kwetu ukimkaanga na mawese jirani anagonga mlango. Wa kwenu usipomtoa kichwa chungu lote ni uchungu. Usirudie tena hiyo kauli kwenye uzi wangu.

---

Mwana wa Kirumba

Angalau wetu hawana mchanga. Nilinunua wa Kigoma nikatafuna ufukwe mzima.

---

Karai la Bluu

Hao walianikwa chini. Tafuta wa chanja. Sisi wa chanja tunauza ghali na tunatukanwa kwa sababu ya wavivu wanaomwaga mchangani.

---

Cherehani ya Ujiji

Nimeulizwa tena sasa hivi na yule wa sendoff kama naweza kuongeza bawa la pili. Kwa yadi zile zile.

---

Fremu Namba Tatu

@Mwana wa Kirumba bado nakusubiri kwenye hoja ya uchungu.

---

Mgeni wa Mbezi

Habarini. Nimesoma mpaka njaa imeniuma. Nahitaji dagaa wa Kigoma wa chanja kilo tano, nani mwaminifu wa kunitumia kwa basi la kesho? Nalipa kwa simu mzigo ukishapakiwa.

---

Mwisho wa Reli

Shuka mpaka pale Mwanga sokoni, au mwambie ndugu yako ashuke. Kuna mama ana bango jipya la mita tatu, samaki ana meno. Huwezi kulikosa.

---

Mgeni wa Mbezi

Anatuma mpaka Mbezi?

---

Karai la Bluu

Anatuma. Ila mwambie akupimie mbele ya kamera.