Daftari la makaburi linasema "karibu na mwembe", na mwembe ulishakatwa. Nianzie wapi?

Karani wa Daftari

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni karani kwenye makaburi ya umma hapa Dar, nipo pale tangu 2019. Kazi yangu ni kupokea kibali cha kuzika, kuandika kwenye daftari, kumwonyesha mchimbaji pa kuchimba, na kugombana na mbuzi. Madaftari yapo saba. La kwanza ni la 1974, limeliwa na mchwa upande wa juu, lakini mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Kuna safu ya jina, umri, tarehe, namba ya kibali, bloku na namba ya kaburi.

Tatizo ni hiyo bloku na namba. Hadi miaka ya tisini mwanzoni zimejazwa vizuri. Baada ya hapo karani aliyekuwepo akachoka, sijui. Unakuta ameandika "karibu na mwembe", "nyuma ya bomba", "kwa wale wa jana". Mwembe wenyewe ulikatwa kabla sijaajiriwa.

Mwaka jana wakati wa masika tulichimba mahali ambapo kwa mujibu wa daftari hapakuwa na mtu. Futi nne chini, koleo likagonga ubao. Wenye msiba wamekaa chini ya turubai, jeneza lipo, padri anatazama saa. Tukafukia, tukaomba radhi kwa aliye chini na walio juu, tukaanza kuchimba upya pembeni. Nilitamani ardhi inimeze mimi.

Sasa mkubwa wangu kanipa laptopu na kauli moja: "Weka kwenye mfumo, na ramani iwepo." Nikaanza na simu yangu. Nasimama kwenye kila kaburi, nabofya, napata namba za GPS. Nilifanya makaburi 40. Nilipoyafungua kwenye kompyuta, matatu yamelaliana, moja lipo katikati ya barabara, na la mzee mmoja limeingia ndani ya baa ng'ambo ya ukuta. Na marehemu alikuwa mlokole.

Makaburi kwa kukadiria ni elfu sita. Nianze na daftari au nianze na ardhi? Droni inafaa? Natanguliza shukrani.

---

Mpimaji Mstaafu Mtarajiwa

Mkuu, simu yako haina kosa. GPS ya simu, hata ukiwa mahali peupe, hukosea mita tatu hadi tano. Chini ya miarobaini huzidi hapo. Kaburi lina upana wa mita moja. Kwa hiyo simu itakufikisha mtaani lakini haitakuonyesha nyumba. Itumie kumwongoza mgeni afike kwenye bloku, basi.

Droni inafaa, tena sana. Ikiruka mita 60 hivi juu unapata picha ambayo kila nukta yake ni kama sentimita mbili ardhini, yaani ukingo wa kaburi la saruji unauona wazi. Zanzibar walipiga picha visiwa vizima kwa droni kuanzia 2016, kwa hiyo si jambo la kigeni kwetu. Lakini usimwite kijana wa kupiga picha za harusi akurushie. Kuna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na picha bila alama za ardhini itakaa popote inapotaka. Unaweka vibao vyenye msalaba mweupe kwenye pembe za eneo, mpimaji anavipima kwa chombo chake, ndipo picha inafungwa hapo.

Na droni haioni chini ya mti. Huko utatumia futi kamba. Chomeka bikoni mbili za zege, yaani vinguzo vya alama, mahali pasipohama, kisha kila kichwa cha kaburi kipime kutoka bikoni ya kwanza na kutoka ya pili. Vipimo viwili vinakutana mahali pamoja, alimradi umejua kaburi lipo upande gani wa mstari unaounganisha bikoni. Ni hesabu ya darasani, haihitaji betri.

Kuchora tumia QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ni bure. Mfumo wa majira ya nukta weka EPSG 32737, ndio wa kanda yetu, unapima kwa mita. Ukiuacha wa digrii, vipimo vya mita vitakusumbua. Nimeshaona watu wazima wakilia kwa hilo.

Usiogope ukubwa wa kazi. Mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria ulipoanza hapa Dar 2015, waliochora mitaro na nyumba za kata zinazofurika walikuwa wanafunzi na wakazi wa mitaa yenyewe. Wengi walikuwa hawajawahi kuigusa programu ya ramani.

---

Tarakimu, Mombasa

Ndugu karani, mwenzangu amekujibu ya ardhi. Mimi kazi yangu ni kuingiza kumbukumbu za zamani kwenye kompyuta, nina moja tu la kukuonya: usiunganishe ramani na daftari kwa jina la marehemu.

Utakuta Mohamed, Muhammad na Mohammed, na wote ni mtu mmoja. Utakuta "Mtoto wa Asha" kumi na moja. Kila kaburi lipe namba yake, kwa mfano C-07-12: bloku C, mstari wa saba, la kumi na mbili. Namba hiyo haibadiliki hata jina likisahihishwa.

Halafu tengeneza majedwali mawili. Moja la makaburi, jingine la mazishi. Wengi huweka moja, wakifika kwa mama aliyezikwa na kichanga chake, au kaburi la familia lililofunguliwa mara ya pili, wanaanza kubandika majina mawili kwenye kisanduku kimoja na mambo yanaharibika.

Kabla hujaandika hata herufi, piga picha kila ukurasa wa daftari. Mchwa hasubiri bajeti. Jina liandike lilivyo kwenye kitabu, makosa yote, na pembeni weka safu nyingine ya tahajia ya kutafutia. Palipo wazi paache wazi. Na weka safu ya uhakika: 1 kama daftari na jiwe vinakubaliana, 2 kama ni daftari peke yake, 3 kama ni maneno ya mtu. Siku mchimbaji anataka kuanza kuchimba, hiyo safu ndiyo atakayokuuliza.

---

Mama Zuhura

Mwanangu, nimesoma yote, na hayo ya droni ni mazuri. Ila upande wetu Waislamu makaburi mengi hayajengewi. Ni tuta la udongo, mawe mawili, kichwani na miguuni. Masika matatu yakipita, tuta limelala na jiwe watoto wamelichukua kuwa goli. Hiyo droni itaona majani tu.

Wa kumwuliza ni mchimbaji. Si karani, usinune. Marehemu mama yangu tulimpoteza tukiwa tumesimama juu yake, mpaka mzee mmoja wa koleo alipokuja akahesabu hatua kutoka ukutani akasema, "Bibi yenu yupo hapa, na jirani yake ni yule fundi cherehani." Na kweli fundi alikuwepo, tuliwauliza wanawe.

Jambo jingine la kukusaidia kuchora. Hapa Dar kibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa. Maiti wetu analazwa kwa ubavu wa kulia akielekea huko, kwa hiyo kichwa kipo mashariki na miguu magharibi. Ukiona kaburi la Mwislamu limelala kaskazini na kusini kwenye ramani yako, rudi ukapime tena.

Na tafadhali, simu za wafiwa na sababu ya kifo visiende kwenye mtandao. Watu wana madeni na maneno.

---

Mpimaji Mstaafu Mtarajiwa

Mama amesema. Naongeza dogo: karani, siku ukipata nafasi panda daladala uende makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo. Yale yalihamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968 kupisha barabara, na askari waliojulikana walihama na majina yao. Jiwe lina jina, rejesta ina bloku, mstari na namba. Mjukuu aliye Uingereza anajua babu yake alipo bila kupanda ndege. Hayo yalifanyika kwa karatasi, hakukuwa na kompyuta.

---

Karani wa Daftari

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki tano sasa.

Droni bado, kibali kinazunguka. Nikaona nisikae bure. Mama Zuhura, nilinuna siku moja, kisha nikamfuata mchimbaji wetu. Yupo pale tangu miaka ya themanini, kuandika si kazi yake. Tulitembea naye asubuhi nne, mimi na futi kamba, simu ikirekodi sauti yake. Bloku D peke yake amenitajia makaburi 212. Hasemi namba. Anasema "huyu alizikwa siku ya mvua, gari lilikwama pale", nami narudi kwenye daftari natafuta tarehe, naona jina.

Siku ya tatu nikamwuliza kuhusu mwembe. Akacheka, akaenda moja kwa moja kwenye kichaka cha majani, akapiga panga mara mbili. Kisiki kipo! Kimeoza katikati lakini kipo. Nimepiga bikoni pembeni yake. Kwenye daftari kuna watu 31 wa "karibu na mwembe", na 19 tumeshawapata. Nimewapa uhakika 3, Tarakimu, usiwe na wasiwasi.

Kinachonisumbua sasa ni "kwa wale wa jana". Karani yule ameandika hivyo siku tatu mfululizo.

---

Mjukuu wa Lindi

Samahani kuingilia. Babu yangu alizikwa Dar 1996, sisi tulikuwa wadogo, na bibi alikuwa akisema ni chini ya mwembe. Sijui kama ni makaburi hayohayo. Daftari la 1996 umelifikia?

---

Karani wa Daftari

Nipo mwezi wa Machi 1996. Usiandike jina hapa, nitumie kwa ujumbe wa faragha, pamoja na tarehe hata kama ni ya kukisia. Na kama mnakumbuka mvua ilinyesha siku hiyo, niambie pia.