Naomba ushauri: kibali cha ujenzi kwa kumwaga slebu (sakafu ya zege ya juu) kwenye nyumba ya kawaida, Kigoma mjini

Habari za saa hizi wakuu. Niko Kigoma huku Katubuka, nina nyumba ya vyumba vitatu niliijenga kwa kibali kabisa, ramani ya nyumba ya chini tu, imefika kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) nikasimama hela ikakata. Sasa nimepata kidogo nataka badala ya kupaua nimwage slebu ili baadae nipandishe vyumba viwili juu, si mnajua huku kwetu ni vilima ukiwa juu ziwa unaliona lote.

Fundi ananiambia kibali nilichonacho kinatosha, nilete tu nondo za milimita 12, kokoto na saruji tumwage zege la moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) kabla mvua hazijakolea. Mi roho inasita, maana ule msingi na zile nguzo havikupigiwa hesabu ya kubeba ghorofa, na humu ndani watalala wanangu jamani.

Kwa aliyepitia hili manispaa, naomba kujua, ni lazima niombe kibali kipya au wanafanya marekebisho kwenye kile cha zamani? Na mchoro wa nondo na nguzo nimtafute injinia aliyesajiliwa agonge muhuri ndo nipeleke, na huwa anachaji vipi? Mkaguzi anakuja kuangalia nondo kabla ya kumwaga au mpaka umwite mwenyewe? Kiwanja kina hati, mtendaji wa mtaa nshaongea nae.

Sitaki niwekewe X nyekundu ya kubomolewa wakati zege lishakauka. Nawasubiri.