Mjadala: Sanamu ya shujaa ipimwe kwa sura yake au kwa viungo vyake?

Mleta mada

Wadau wenzangu, naomba tulijadili kwa utulivu suala ambalo kila mkusanyaji wa sanamu ndogo za plastiki za wahusika wa filamu na katuni hukutana nalo anapofungua boksi jipya. Mtengenezaji anapolazimika kuchagua, atangulize kufanana kwa sanamu na mhusika inayemwakilisha, au atangulize viungo vinavyokunjika vizuri na kudumu? Msimamo wangu nautaja mapema: viungo na uimara vitangulie, na sura ifuate pale itakapopata nafasi.

Sababu yangu ya kwanza imo katika asili ya kitu chenyewe. Mwaka 1964, Hasbro, kampuni ya vinyago ya Marekani, walipomtoa askari wa plastiki G.I. Joe, walikwepa kumwita mwanasesere kwa kuhofia kwamba wazazi hawangewanunulia wavulana mwanasesere, na jina walilolibuni badala yake, “action figure”, lilijengwa juu ya neno la kutenda. Askari huyo wa karibu sentimita 29 alitangazwa kuwa na sehemu 21 zinazosogea, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kuu sokoni. Kwa hiyo ahadi ya mwanzo ilikuwa mwendo: mnunuzi aliambiwa kwamba anachokinunua kinaweza kupiga goti, kushika bunduki na kugeuka. Sanamu isiyoweza hayo ni pambo la rafu, nami sina ugomvi na mapambo ya rafu mradi yauzwe kwa jina hilo.

Sababu ya pili ni ya uchungu kidogo. Niliwahi kununua sanamu ya kampuni ambayo sitaitaja, yenye uso uliofanana mno na mwigizaji wake kiasi kwamba niliiweka mezani na kuitazama kwa muda mrefu kabla ya kuigusa. Nilipoigusa, nikitaka tu kuugeuza mguu ili isimame vizuri, kifundo kilikatika. Rangi ilikuwa imeingia katika tundu la kiungo na kukigandisha kama gundi, na kigingi kilichokuwa ndani kilikuwa chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi ndani sikukuta hata kipande cha mti.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, pole kwa kifundo chako, lakini hoja yako nadhani imechukua ajali moja na kuifanya kanuni. Sanamu iliyokatika kwa sababu rangi iliingia kiungoni imetengenezwa vibaya, na ubovu huo hautokani na uzuri wa uso. Hakuna mchongaji anayechora nyusi kwa kutumia plastiki iliyotolewa kwenye kifundo cha mguu.

Tuangalie jinsi watu wanavyoishi na sanamu hizi. Mkusanyaji mtu mzima huifungua, huipa mkao mmoja anaoupenda, huiweka kwenye kabati la kioo, na inawezekana asiiguse tena hadi siku ya kufuta vumbi. Katika miaka hiyo yote kinachomrudishia thamani ya fedha yake ni macho, na macho huanza usoni. Kiwiko chenye bawaba mbili kinachoweza kukunjwa hadi ngumi iguse bega ni jambo zuri kwa dakika kumi za kwanza, kisha kinabaki kuwa mistari miwili inayoukata mkono ambao ulipaswa kuonekana kama mkono. Kiungo cha kifua ni kibaya zaidi, kwa maana kinapita katikati ya misuli ambayo mchongaji aliifanyia kazi kwa wiki kadhaa, na mhusika anaonekana kama aliyevaa gamba la kobe.

Kuhusu asili, historia haiko upande wako peke yako. Sanamu za filamu ya Star Wars ambazo kampuni ya Kenner walianza kuziuza mwaka 1978 zilikuwa na viungo vitano tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Hazikuwa na kiwiko wala goti, na bado zilibadilisha biashara nzima. (Nakiri kwamba hata nyuso zake hazikufanana sana na mtu yeyote, kwa hiyo labda historia hiyo haiko upande wangu pia.) Walakini sanamu za Spawn, shujaa wa vitabu vya katuni wa mchoraji Todd McFarlane, zilipoanza kutoka mwaka 1994, zilionyesha kwamba mnunuzi akipewa mchongo wenye kina, mikunjo ya nguo inayoonekana na silaha zenye makovu, atasamehe magoti yasiyokunjika vizuri, na kampuni nyingine zililazimika kuinua kazi yao. Na mkakasi, ndugu yangu, ulitengenezwa utazamwe. Hakuna aliyeulaumu kwa kushindwa kupiga goti.

Mchangiaji wa pili

Nawasalimu wote. Mimi huzitengeneza sanamu hizi zinapovunjika, zangu na za marafiki, kwa hiyo nitazungumzia kilichomo ndani yake zaidi ya upendeleo wangu.

Mchangiaji wa kwanza amesema kweli kuhusu uso, lakini amekosea kuhusu mwili. Uso hauugombanii mwendo hata kidogo. Siku hizi Hasbro na Bandai wa Japani, kila mmoja kwa mfumo wake, huchapisha macho, nyusi na madoa ya ngozi kwa mashine moja kwa moja juu ya kichwa, na chapa hiyo haiondoi nguvu yoyote kwenye goti. Mgogoro wa kweli uko mahali penye wembamba: kifundo cha mkono, kifundo cha mguu, shingo, na kiwiko cha mhusika mwembamba. Chukueni mtu wa sentimita 180 mumpunguze mara 12, kipimo ambacho kinatumika sana. Anabaki na sentimita 15. Kifundo cha mkono wake chenye upana wa sentimita 6 kinakuwa milimita 5. Ndani ya milimita hizo 5 lazima vikae kigingi na kuta za tundu linalokishika, hivyo kigingi chenyewe kikifika milimita 3 tumebahatika. Na hapa hesabu ni katili: fimbo ya duara ikipunguzwa kipenyo kwa nusu, uwezo wake wa kustahimili msokoto hauishii nusu, unashuka hadi sehemu moja ya nane. Mhusika amepunguzwa mara 12, lakini mkono wako unaomsokota umebaki na ukubwa ule ule. Ndiyo maana wachongaji wengi huongeza unene wa vifundo kwa siri, na ndiyo maana wanunuzi hulalamika kwamba malkia wao amepewa mikono ya mwashi.

Jambo la pili ni malighafi. Plastiki ya PVC ni laini, huchukua rangi vizuri na hukubali mchongo wenye maelezo madogo, lakini hulainishwa kwa kemikali ambazo baada ya miaka hupanda juu na kuacha mnato, na kwenye joto vifundo vya PVC huinama polepole mpaka sanamu inalala kifudifudi. Plastiki ya ABS ni ngumu na hutunza umbo lake, lakini ikishindwa huvunjika badala ya kupinda. Ipo na plastiki ya POM, ambayo kwa kiungo ni bora kuliko zote mbili, kwa sababu inateleza yenyewe na hailiki upesi. Tatizo lake ni kwamba inakataa rangi na inakataa gundi. Kwa hiyo plastiki inayofaa zaidi kwa kiungo ndiyo ile isiyokubali kufichwa. Ukiona goti lenye rangi tofauti kidogo na paja, usiharakishe kumlaumu mtengenezaji kwa uzembe, kwani huenda amechagua kiungo kitakachodumu na kuikubali aibu ya rangi.

Kwa aliyekuja na kifundo kilichokatika: kiungo kilichoganda kisilazimishwe kamwe. Kitumbukize katika maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja hivi, plastiki italainika, kisha kisogeze taratibu huku na huku mpaka rangi iachie.

Mchangiaji wa tatu

Naona mnabishana juu ya sanamu za sentimita 15 kana kwamba hakuna nyingine. Katika kipimo cha moja kwa sita, ambacho Hot Toys wa Hong Kong wamekijengea jina tangu mwaka 2000, suala hili lilitatuliwa kwa nguo. Mwili wenye viungo vyote huvalishwa shati, suruali na koti la kitambaa halisi, na mstari wa kiungo hauonekani tena. Wengine wamekwenda mbali zaidi na kutengeneza mwili wa ngozi ya silikoni isiyo na mshono juu ya kiunzi cha chuma, ambapo goti linakunjika bila alama yoyote juu yake. Sura imepatikana, mwendo umepatikana. Mjadala umebaki wapi?

Mchangiaji wa pili

Umebaki kwenye uimara, ndugu, ambao umeuruka. Makoti mengi ya sanamu hizo si ya ngozi bali ni kitambaa kilichopakwa plastiki iitwayo polyurethane, na utando huo huvunjwa na unyevu wa hewa. Baada ya miaka kadhaa huanza kupasuka na kubanduka kama maganda, hata kama sanamu haikuwahi kutolewa kwenye boksi. Ngozi ya silikoni nayo ikiachwa imekunjwa kwenye goti kwa muda mrefu inaweza kubaki na kovu au kuchanika, na ikichanika hakuna njia ya kukifikia kiunzi bila kuichana zaidi. Wamiliki wengi wa sanamu hizo huziacha zimesimama wima, mikono pembeni, kwa kuogopa. Tumelipia mwendo kisha tukaogopa kuutumia.

Mleta mada

Nimefuatilia kwa makini, na lazima nirudishe sehemu ya maneno yangu. Nilisema viungo vitangulie na sura ifuate. Baada ya maelezo ya fundi wetu naona uso haukustahili kuingizwa katika ugomvi huu, kwa hiyo nauondoa. Nakiri pia kwamba idadi ya viungo nilikuwa nikiihesabu kama sifa yenyewe, hali viungo vingi vilivyo vyembamba ni sehemu nyingi za kuvunjikia.

Lakini nazidi kushikilia uimara, na sasa nauelewa kwa namna nyingine. G.I. Joe wa mwaka 1982, yule mdogo wa karibu sentimita 9.5, kiuno na miguu yake ilishikiliwa na pete ya mpira iliyofungwa ndani ya kiwiliwili. Mpira huo huoza, na ukioza askari anakatika vipande viwili. Kwa kipimo cha kawaida hiyo ni kasoro. Hata hivyo mgongoni kuna skrubu moja. Mtu mwenye bisibisi ndogo na pete mpya anamfungua, anabadilisha, anamfunga, na askari wa miaka zaidi ya 40 anasimama tena. Dole gumba lake ni dhaifu, hilo halina ubishi, na likikatika limekwenda. Ila kiuno chake kitakuwa kizima muda mrefu baada ya sanamu nyingi nzuri za leo, zilizobandikwa kwa gundi pande zote, kutupwa kwa sababu ya pini moja. Nikiitwa leo kumshauri mtengenezaji, sitamwambia aongeze viungo. Nitamwomba kila kiungo kiweze kufunguliwa, na vifundo vya akiba viwekwe ndani ya boksi pale ambapo sasa tunawekewa jozi ya tano ya viganja vya kubadilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Viganja hivyo usiviguse, mimi huvitumia.

Kwa yaliyobaki, naweza kukutana nawe njiani. Hata McFarlane niliyemtaja, kampuni yake ilipoanza kutoa sanamu za DC (mashujaa kama Batman na Superman) mwaka 2020, ilizitangaza kwa sehemu zisizozidi 22 zinazosogea, kwa hiyo aliyetuzoesha mchongo mwenyewe amerudi kwenye mwendo, nami siwezi kujifanya sikuliona hilo. Kaiyodo wa Japani, walipoanzisha mfululizo wa sanamu za Revoltech mwaka 2006, waliamua kutokificha kiungo kabisa: wakatumia tufe lenye meno linalolia linapozungushwa, na mchongaji akapanga mwili mzima kukizunguka. Sanamu hizo sizipendi kwa macho, lakini naheshimu kwamba mtu aliamua na hakujaribu kunidanganya.

Nisichokubali ni skrubu kuonekana. Wakusanyaji tulilalamikia pini za magoti kwa miaka mingi mpaka Hasbro wakaanza kuzificha, na sasa mnataka tuzirudishe kwa jina la matengenezo. Fundi akitaka mlango wa kuingilia, aupate mgongoni, chini ya joho, mahali ambapo kabati halionyeshi.

Mchangiaji wa pili

Nakubali mgongoni. Ila pini za magoti zilizoonekana niliweza kuzisukuma nje kwa msumari mwembamba na kuokoa mguu, na hizi zilizofichwa bado sijapata namna. Na shujaa asiye na joho tutamfanyia nini?

Mchangiaji wa kwanza

Huyo afichiwe chini ya mkanda.