Aga Khan wa Nne na mafunzo ya utamaduni: ni nini kilichobaki mikononi mwa watu?

Mwalimu wa Historia, Tanga

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na muhula huu ninaandaa vipindi juu ya watu waliotumia utajiri wao kugharamia sanaa na elimu ya utamaduni. Nimemchagua Karim Aga Khan wa Nne, kwa sababu maisha yake yamegusana na yetu kuliko ya matajiri wa Ulaya na Marekani wanaotajwa mara kwa mara. Alizaliwa Geneva Desemba 1936, akalelewa Nairobi miaka ya vita, akarithi uimamu wa Waismailia, tawi la Waislamu wa Kishia, Julai 1957 akiwa na miaka 20 na bado ni mwanafunzi wa Harvard, na Oktoba mwaka huohuo akasimikwa hapa kwetu Dar es Salaam. Alifariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025, akazikwa Aswan, nchini Misri.

Hayo kuyafundisha si kazi. Kilichonikwamisha ni swali la binti mmoja wa kidato cha tatu. Niliwaonyesha picha ya Zahanati ya Zamani pale Unguja, lile jengo la roshani za nakshi linalotazama bandari, nikaeleza kwamba taasisi yake ya utamaduni ndiyo iliyolikarabati. Binti akasimama, akauliza: "Mwalimu, ukuta umetengenezwa, je, kuna mtu aliyesomeshwa?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Naomba msaada kwa wenye kujua: ukiyaweka majengo kando, ni elimu gani hasa ya utamaduni iliyotokana na fedha zile, na ilimfikiaje mtu wa kawaida?

Fundi Mwashi, Unguja

Mwalimu, mfikishie binti huyo salamu zangu, kwa maana ameuliza swali la kifundi. Mimi ni mwashi, nimefanya kazi Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliyenifundisha kushika mwiko alikuwa mmoja wa vijana waliofunzwa kazini wakati jengo hilohilo likikarabatiwa miaka ya 1990.

Ili swali lake lijibiwe vizuri, kwanza aelewe nyumba zetu zimejengwaje. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba na upana wao unakaribiana, kwani boriti haiwezi kurefuka zaidi ya ilivyokatwa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa jua. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pumzi: unyevu unabaki ndani, chumvi inapanda, na baada ya misimu michache lipu inavimba na kubanduka vipande vipana kama sahani, ikiondoka na uso wa jiwe. Nimeitwa mara nyingi kwenye nyumba ambazo mwenyewe alitumia akiba yake yote kuziharibu namna hiyo, akiamini anazitengeneza.

Kwa miaka mingi saruji ndiyo iliyokuwa ikikimbiliwa, kwa kuwa hukauka upesi na haimtaki fundi subira. Chokaa inataka kulowekwa shimoni ilale kwa miezi, kisha ipigwe lipu kwa matabaka membamba, na kila tabaka lisubiriwe. Wazee waliojua kazi hiyo walikuwa wakituaga mmoja mmoja. Kwa hiyo uamuzi wa kulirudisha jengo lile kwa vifaa vyake vya asili ulikuwa pia uamuzi wa kufundisha, maana hapakuwa na mafundi wa kutosha wa kuajiri.

Nikupe jambo moja la kuwaonyesha wanafunzi. Roshani zile hazikung'olewa na kuwekwa mpya. Palipooza palikatwa, na kipande kipya kikaungwa kwenye mti wa zamani kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao na kuiendeleza nakshi ileile. Mwalimu wangu alinipeleka pale nikiwa kijana, akanishika kidole na kukipitisha juu ya kiungo kimoja, ukucha ukiwa chini. Sikusikia mshono. Akaniambia nitafute mwenyewe mahali jipya linapoanzia, nami nilikaa pale hadi adhana ya alasiri.

Sitaficha upande wa pili. Waliofunzwa walikuwa wachache kuliko nyumba zinazowahitaji, na baadhi ya niliowafahamu walipokosa kazi za chokaa walirudi kwenye saruji, kwa sababu watoto lazima wale. Mfadhili akigharamia mafunzo bila kuwapo kazi baada ya mafunzo, elimu hiyo hukaa mkononi ikififia. Hilo nalo lifundishwe.

Mlezi wa Chekechea, Mombasa

Ahsante sana, Fundi, umenigusa. Mwalimu, usisahau watoto wadogo, kwani nadhani huko ndiko fedha hizo zilikofika mbali zaidi, ingawa hakuna picha nzuri ya kuonyesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani yetu walimwomba Aga Khan msaada, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakibaki nyuma shuleni. Jibu halikuwa kuleta mtaala kutoka nje. Mwaka 1986 kazi ilianza hapa Mombasa kwa kujenga juu ya kile ambacho kila mtaa ulikuwa nacho tayari, yaani madrasa, na aliyeiongoza alikuwa mwalimu wa hapahapa, Bi Swafiya Said. Mpango ulivuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Mimi niliingia baadaye sana, nikafunzwa na wanawake waliofunzwa na wale wa kwanza. Tulifundishwa kuhesabu kwa vifuu, vizibo vya chupa na kombe za pwani; kufundisha herufi kwa nyimbo ambazo bibi zetu walitubembelezea; kumwacha mtoto asimulie hadithi kwa Kiswahili cha nyumbani kwao kabla ya kumsahihisha. Wengi wetu tulikuwa mama wa mtaani ambao hakuna aliyewahi kutuita walimu. Mtoto akifika darasa la kwanza akijua kwamba wimbo wa bibi yake ni elimu, hatauonea haya tena. Kwangu hiyo ni elimu ya utamaduni sawa na kuchonga mlango, na naomba mwanafunzi wako aandike jina la Bi Swafiya karibu na jina la tajiri, maana bila yeye fedha zisingejua njia ya kupita.

Msomaji, Dar es Salaam

Waliotangulia wamesema la msingi. Nitaongeza mambo mawili.

La kwanza ni asili ya mali. Jengo hilo la Zahanati ya Zamani alilianzisha tajiri mwingine, Tharia Topan, mfanyabiashara Mwismailia aliyesimamia forodha ya Zanzibar. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa ajili ya jubilei ya Malkia Victoria. Yeye alifariki mwaka 1891, na mjane wake ndiye aliyeona ujenzi ukikamilika mwaka 1894. Tharia huyohuyo ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, mali ya misafara ya bara, na kila mwanafunzi wa historia anajua misafara ile ilirudi na nini, na pembe zilibebwa na mabega ya nani. Sisemi hivyo ili kulichafua jengo. Nasema kwa sababu ukifundisha habari za wafadhili ukaanzia pale wanapotoa, ukaruka pale walipopata, umefundisha nusu. Kwa Aga Khan wa Nne pia wanafunzi watenganishe vyanzo: kuna mali yake binafsi, kuna michango ya waumini wake, na kuna fedha za serikali na wahisani walioshirikiana na taasisi zake.

La pili ni kwamba kuwathamini mafundi hakukutokea Unguja kwa bahati. Mwaka 1977 alianzisha tuzo ya usanifu majengo yenye jina lake, ambayo leo ina thamani ya dola milioni moja, na tangu mwanzo ikawekwa wazi kwamba tuzo inaweza kugawanywa kati ya msanifu, mwenye jengo na fundi stadi. Katika muziki alifuata mkondo huo: mpango ulioanza mwaka 2000 huko Asia ya Kati ulisaidia shule ambamo kijana hukaa na mwalimu wake stadi na kupokea kazi kwa sikio na mkono, kama wengi walivyojifunza ala za udi na kanuni katika vikundi vyetu vya taarabu. Tuzo zake za muziki zilipotolewa Muscat mwaka 2022, miongoni mwa washindi alikuwamo Mtanzania Yahya Hussein Abdallah, msomaji wa Kurani na mwimbaji wa kaswida. Vijana wako wanaweza kumsikiliza darasani.

Mwalimu wa Historia, Tanga

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimebadilisha mpangilio wa vipindi: nitaanza na Tharia Topan na misafara, nifuate na Bi Swafiya na vifuu vyake, na maisha ya Aga Khan mwenyewe yatakuja katikati badala ya mwanzo. Bi Mlezi, nitakuandikia faraghani kukuomba maneno ya nyimbo mbili tatu mnazotumia.

Fundi, tunatarajia kuleta wanafunzi 38 Unguja likizo ya Juni. Kama utakuwa na kazi ya chokaa mahali popote mjini wiki hiyo, tungependa kusimama kando kwa saa moja tukutazame, kisha utupeleke kwenye ile roshani. Nimemwambia binti asiikate kucha moja.