Huyu "mthamini" wa vitu vya kale hapa Tabora kaisugua sarafu ya bibi kwa STILWAYA!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Simtaji jina, mnamjua. Yule wa miwani miwili, moja puani nyingine kwenye paji, anayejiita mthamini wa malikale.

Leo nimempeleka bibi na kasha lake. Ndani kuna sarafu ya heller 20 (chenji ya enzi za Mjerumani) ya mwaka 1916, ile yenye taji na herufi T, iliyopigwa hapahapa Tabora kwenye karakana ya reli, wakati wa Vita vya Kwanza, Waingereza walipofunga bahari na Mjerumani akaishiwa chenji. Baba yake babu alilipwa hiyo kwa upagazi. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji, mzee akaifunga kwenye kitambaa na hakuifungua tena. Imekaa humo zaidi ya miaka mia, ikashika ule wekundu mweusi ambao mjuzi wa sarafu huutafuta kwanza, maana ndio unaomwambia haijachezewa.

Jamaa kaitupia jicho moja tu, akatoa stilwaya. Ya kusugulia masufuria ya ugali! Akaitemea mate, akasugua mbele ya bibi mpaka nikadhani anachimba kisima. Napiga kelele, ananijibu: "Tulia kijana, naipandisha thamani."

Hakupima uzito. Hakushika lenzi. Hakuuliza imetoka wapi. Mate, kisha stilwaya! Sasa inang'aa kama kitasa kipya, taji limejaa mikwaruzo. Halafu akaitupa mezani: "Shaba tu hii bibi, chukua elfu tano ukanunue sukari."

Bibi yangu aambiwe akanunue sukari! Na alitema mate, wakuu. Alitema mate kwanza.

Mtoto wa Kachoma: Pole mkuu. Ni ile ya dhahabu, rupia 15 yenye tembo? Kama siyo, kunywa maji ulale.

Mleta uzi: Siyo ya tembo! Hata ingekuwa ya bati, nani kamruhusu kuitemea mate?

Nyuki Mkali: Huyohuyo alimwambia shangazi kigoda cha mtemi ni cha mama ntilie, akakichukua kwa bei ya kuku. Baadaye tumekikuta kwake, bei haitamkiki. Na sheria ya kulinda mambo ya kale ipo tangu 1964.

Mgebuka: Nyie mna nafuu. Wa huku Kigoma anapima rupia kwa mchele, eti ya kweli inavuta punje. Kaondoka na cherehani ya mama pia, anasema ina zebaki nyekundu, eti kitu cha thamani kubwa.

Mtoto wa Kachoma: Zebaki nyekundu haipo duniani, ukoo mzima mmeibiwa mkitazama 😂😂

Dada wa Isevya: Samahani, nani anajua fundi saa mwaminifu? Saa ya ukutani ya marehemu baba imerudi na mashine ya betri ndani. Ile ya ufunguo kaila.

Nyuki Mkali: Mafundi wote wezi. Kama muuza asali wa pale njia ya Sikonge, imefika Dar imeganda yote. Sukari tupu!

Mgebuka: Asali halisi huganda mkuu, acha ushamba.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye stilwaya.

Dada wa Isevya: Huyo wa asali ni yule mwenye baiskeli nyekundu? Nina dumu lake hapa, ukilitikisa linalia kama maji.

Nyuki Mkali: HUYOHUYO! Njoo inbox.