Tunatafuta nyumba Chicago, dalali katupeleka kwenye hot dog za kishua, tumelishwa nguruwe

Wakuu, nimekereka mpaka basi, ngoja nitoe ya moyoni.

Mimi na mke wangu tunatafuta nyumba ya kupanga huku kaskazini mwa Chicago, vyumba viwili, karibu na treni, maana gari kwa bima za huku siliwezi. Kwa wasiojua, dalali wa hapa mara nyingi hadai kitu kwa mpangaji. Si kama wa kwetu Dar anayetaka kodi ya mwezi mzima mkononi ndiyo akupe funguo. Huyu wa huku analipwa na mwenye nyumba, kwa hiyo kila kitu kwake ni kizuri. Chumba nusu kimezama ardhini, dirishani unaona viatu vya wapita njia, yeye anakwambia hiyo ni nyumba ya bustani!

Sasa Jumamosi katuonyesha nyumba ghorofa ya pili, matofali yale yale, jiko lile lile la zamani, lakini kodi imeipita ya mtaa wa nyuma kwa dola 300 kila mwezi. Nikamuuliza, kaka, kilichoongezeka hapa ni nini? Akanyoosha kidole kwenye kona. Mgahawa wa hot dog. Eti watu wanatoka mbali kuufuata, eti mtaa umepanda hadhi, nendeni mkale halafu tuongee.

Tukaenda. Kaunta, kabla sijatoa kadi, nikauliza kwa Kiingereza kilichonyooka: hii ina nguruwe? Binti hata hakuinua macho kwenye skrini. "Ng'ombe tupu." Mke wangu akanibonyeza ubavuni, nikauliza tena. "Ng'ombe asilimia mia, bwana." Haya.

Soseji moja dola 14. Chipsi zinauzwa peke yake, dola 7. Ongeza kodi ya chakula ya mji huu inayokaribia asilimia 11. Halafu anakugeuzia kile kiskrini: bakshishi asilimia 20, 25 au 30. Bakshishi ya nini, wakati sahani nimejibebea, maji nimejimiminia, na meza mke wangu kaifuta kwa tishu yake? Imefika dola 45 na ushee, watu wawili, tumekula soseji.

Na chakula chenyewe sasa. Jibini ya mbuzi, jamu ya tini, majani majani yamesimama juu. Mkate umelowa chini ukaniachia mkononi hata sijaufikisha mdomoni. Jamu ikatiririka hadi kwenye saa.

Hayo yote ningeyameza. Akapita mpishi, ndevu zimechongwa, anauliza wateja kama wamefurahia. Mke wangu kwa adabu zake za Tanga akamwambia ngozi ya soseji inakatika vizuri, ina mlio. Jamaa akafurahi huyo! Akaanza kutuhadithia kwamba soseji wanajaza wenyewe jikoni, nyama wanasaga kila asubuhi, na mlio ule unatokana na utumbo halisi wa nguruwe wanamojazia nyama.

Mke wangu aliweka kile kipande kwenye sahani, akaenda msalani, hakurudi mezani. Nilimkuta nje.

Nikamwita meneja. Unajua kanijibu nini? Kwamba hakuna aliyedanganya, nyama ni ya ng'ombe, na utumbo ni ngozi tu. Kaka mkubwa, ngozi tu! Nimeitafuna au nimeivua kama koti? Soseji ya pakiti dukani, sheria ya Marekani inataka lebo itaje utumbo ni wa mnyama gani kama si yule aliyetoa nyama. Pale ubao wao umejaa habari za jamu na shamba la mbuzi, utumbo hautajwi. Na mteja akiuliza kwa mdomo wake, mara mbili, anajibiwa hivyo. Kumaliza, akanipa kuponi ya kula tena. Nimemwachia mezani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hot dog ya Chicago kiasili ni ya ng'ombe. Vienna Beef, kampuni ya wahamiaji kutoka Ulaya, walianza kuuza soseji za ng'ombe kwenye maonyesho ya dunia ya 1893 hapa hapa mjini. Miaka ya njaa ya 1930 ilikuwa chakula cha vibarua. Hadi leo vibanda vipo: mkate wa mvuke wenye zile mbegu nyeusi, haradali ya njano, kitunguu, achari tamu ya kijani kinachowaka, nyanya, tango la siki, vipilipili vya siki, chumvi ya seleri juu. Ukiomba tomato sosi wanakuangalia vibaya. Vibanda vingine chipsi wanakufungia humo humo kwenye karatasi, na pesa inayobaki unapanda treni. Na mzee wa kibandani ukimuuliza soseji imejaziwa nini, anakuletea boksi usome.

Wala sisemi za kifahari zote ni utapeli. Doug Sohn aliuza soseji za bata na za wanyama wa ajabu pale mgahawani kwake Hot Doug's mpaka alipofunga 2014, foleni inazunguka jengo, na bado yeye mwenyewe alisimama kaunta kuchukua oda. Ungemuuliza mwenye mali.

Nimempigia dalali kumweleza. Kacheka! Kisha akanikumbusha nilipe ada ya maombi leo leo, hairudishwi, pamoja na ada ya kuhamia, nayo hairudishwi. Wenye nyumba wengi hapa wamekimbia amana, ile pesa inayorudishwa ukihama, kwa sababu sheria ya wapangaji ya mji inawabana: amana ikae akaunti yake, utoe risiti, ukikosea unaweza kudaiwa mara mbili ya amana hiyo. Kwa hiyo wamebuni ada, wanaila moja kwa moja. Yaani nilipe hiyo, na dola 300 kila mwezi, nikae karibu na watu walionilisha nguruwe.

Nyumba nimeikataa. Dalali huyo simtaki tena.

Wakuu mlioko huku: mwenye kujua vyumba viwili Albany Park au Rogers Park, mwenye nyumba asiyesumbua watu wasio na historia ndefu ya mikopo, anitumie ujumbe. Ghorofa ya kwanza kwenda juu. Na kama yuko karibu na barabara ya Devon nipate bucha ya halali kwa miguu, hapo hata kesho nakuja kuiona.